Hakuna Anayejitegemea Akiwa na Miaka 18

Kuna neno ambalo watu wa makao ya watoto wanalipenda sana: kujitegemea. Liko kwenye bango la langoni, kwenye ripoti ya mfadhili, kwenye hotuba ya mgeni wa heshima siku ya kuwaaga wanaoondoka. "Tunawaandaa watoto wetu kujitegemea." Makofi, picha, soda. Mwezi mmoja baadaye kijana wa miaka 18 amesimama stejini na mfuko wa nailoni na godoro lililofungwa kamba, na duniani hakuna mtu hata mmoja anayengoja simu yake usiku huo kusikia kama amefika.

Mimi nasema neno hilo ni uongo, na tena ni uongo tunaowaambia watu wa aina moja tu.

Jiangalie wewe unayesoma hapa. Una miaka 23, labda 26. Mara ya mwisho kodi ilipokushinda, ulimpigia nani? Ulipomaliza chuo na kazi ikakataa kupatikana, ulirudi kulala wapi? Nani alikununulia lile meko la kwanza, au alikupa ile sufuria iliyobonyea ambayo hakuwa anaitumia tena? Ukienda intaviu ya kwanza, shati ilikuwa ya nani? Mjini hapa kuna watu wa miaka 30 ambao mama zao bado huwatumia viazi na maharagwe kwa matatu kutoka ocha, na hakuna anayewaita wategemezi. Tunasema wana kwao, basi.

Sasa mwambie mtoto aliyekosa hayo yote ajitegemee, tena aanze leo, kwa sababu ametimiza miaka 18 jana.

Nililelewa kwenye makao upande wa Kiambu kuanzia nikiwa na miaka sita hadi nilipomaliza kidato cha nne. Sitafuti huruma yako. Nilikula, nilisoma, nilivaa viatu, na baadhi ya walionilea niliwapenda na nawapenda hadi leo. Walifanya kazi ngumu kwa mshahara mdogo. Ugomvi wangu ni na ile dhana kwamba unaweza kumlea mtoto miaka 12 ndani ya ukuta, ukamfanyia kila kitu kwa kengele, halafu ukamwandaa kwa maisha kwa wikendi tatu.

Nikiwa na miaka 15 nilijua kusonga ugali wa watu 80. Tulikuwa na zamu za jikoni, na sufuria yenyewe ilikuwa kubwa hivi kwamba ulipanda juu ya matofali kuifikia, ukakoroga kwa mwiko mrefu kama kasia. Lakini sikuwahi hata siku moja kupika chakula cha mtu mmoja. Nilipopata chumba sikujua unga wa mtu mmoja ni kiasi gani. Sikujua mafuta ya kupimiwa huuzwaje, wala kwamba mama mboga ukimzoea atakukatia sukuma, akuongezee nyanya moja, na siku huna kitu akuandikie deni. Sikujua kwamba tokeni huisha. Kule kwetu stima ilikuwa kama jua: ilikuwepo au haikuwepo, na haikuwa na bei.

Sikuwahi kushika ufunguo. Fikiria hilo kidogo. Kwa miaka 12 kila mlango uliofungwa ulifungwa na mtu mwingine, na kila taa iliyozimwa ilizimwa na mtu mwingine. Sikuwahi kutumwa dukani na noti ya mia mbili nikarudi na chenji pungufu, nikaulizwa iko wapi. Mtoto wa Dandora aliyetumwa kibandani mara elfu moja kabla ya kufika miaka kumi amefunzwa uchumi kuliko nilivyofunzwa mimi, na hakuna aliyeandika pendekezo la mradi wala kuomba ufadhili ili afunzwe.

Kitu kimoja tulifunzwa vizuri sana, nacho ni kushukuru. Jumamosi wageni wakija tulijipanga mistari miwili, wadogo mbele, tukaimba, tukapeana mikono, mmoja akatoa neno la shukrani. Lilikuwa neno lile lile, jina la kikundi tu ndilo lilibadilika. Kushukuru si vibaya. Lakini ukifunzwa kwa miaka yote ya utoto kwamba chakula chako, kitanda chako na karo yako ni hisani ya watu fulani, utajuaje siku unayodai kilicho haki yako? Mwenzangu mmoja alipata kazi kwenye hoteli ndogo. Mwenye hoteli akawa anamlipa nusu ya walichokubaliana, mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kila mwezi jamaa alipokea kwa mikono miwili na kusema asante. Na msichana anapotokea mwanamume wa kumlipia chumba na kumnunulia simu, anamshukuru kwa sauti ile ile aliyofunzwa mistarini. Hao wanaume wanajua. Wanajua kutambua mtu asiye na ndugu wa kumuuliza yuko wapi.

Ndiyo maana nikisikia "mafunzo ya stadi za maisha" nachoka. Nimeyapitia. Anakuja mtu na karatasi kubwa na kalamu za rangi. Andika malengo yako ya miaka mitano. Chora mti wa maisha yako. Gawa mshahara: asilimia hii akiba, asilimia hii kodi. Mshahara gani? Mwisho unapewa cheti. Hicho cheti ndicho ushahidi kwamba umeandaliwa, na picha ya hicho cheti ndiyo inayoenda kwenye ripoti.

Tufanye hesabu ambayo haikuwa kwenye yale makaratasi. Kijana anapewa shilingi 5,000 za kuanzia maisha. Chumba kimoja cha mabati Githurai ni 3,500, na landlodi anataka kodi ya mwezi na depositi kabla hajakupa ufunguo. Hiyo ni 7,000. Hujanunua sufuria, hujanunua ndoo, hujala. Hujaingia, na tayari una deni la 2,000. Wenzako wenye kwao hulijaza pengo hilo kwa simu moja. Wewe ndiye "umeandaliwa kujitegemea", kwa hivyo lijaze mwenyewe.

Halafu kuna makaratasi ya serikali, ambayo nadhani ndiyo aibu kubwa kuliko zote, kwa sababu ndiyo rahisi kurekebisha. Ukifika miaka 18 unahitaji kitambulisho. Bila hicho husajili laini, huna M-Pesa, mjengo hawakuandiki, na kwenye majengo ya mjini askari wa mlangoni anakugeuza. Kukipata unahitaji cheti cha kuzaliwa na nakala ya kitambulisho cha mzazi. Mzazi gani? Rafiki yangu aliyeokotwa akiwa mchanga alienda kwa chifu akaulizwa swali ambalo kila Mkenya huulizwa na karibu kila Mkenya hulijibu bila kufikiri: kwenu ni wapi? Akataja makao. Chifu akasema hapana, kwenu kwenu. Akarudishwa. Akarudi tena. Akaambiwa alete barua, halafu barua nyingine ya kuthibitisha ile barua.

Na Katiba ya 2010 inasema nini? Kifungu cha 14 kinasema mtoto anayepatikana Kenya, anayeonekana kuwa chini ya miaka minane, na ambaye uraia wake na wazazi wake hawajulikani, anachukuliwa kuwa raia wa kuzaliwa. Raia wa kuzaliwa! Rafiki yangu ni Mkenya kwa herufi za Katiba yenyewe, lakini kwenye meza ya chifu Katiba haikufika. Makao yalikuwa na miaka 17 ya kushughulikia cheti chake na hayakukishughulikia, kwa sababu mtoto mdogo hahitaji kitambulisho, na mkubwa si tatizo lao tena.

Najua jibu la kisheria: miaka 18 ni mtu mzima. Haya, tusome sheria basi. Sheria ya Watoto ya 2022, kama ile ya 2001 kabla yake, inairuhusu mahakama kuongeza wajibu wa mzazi kupita siku mtoto anapotimiza miaka 18, pale penye hali maalumu. Mtoto bado yuko chuoni, kwa mfano, na mzazi ana uwezo lakini ameingia mitini: mahakama inaweza kumwambia endelea kulipa. Kwa hivyo nchi hii inajua vizuri kwamba miaka 18 haimalizi utoto wa mtu. Inajua hivyo mlezi akiwa baba wa kawaida. Mlezi akiwa taasisi, ghafla kalenda inakuwa takatifu.

Na si kwamba hakuna aliyewaza mambo haya. Miongozo ya Umoja wa Mataifa kuhusu malezi mbadala, ya mwaka 2009, inataka maandalizi ya kuondoka yaanze mapema kadiri iwezekanavyo, mbali kabla ya siku yenyewe, na inataka kila kijana, pale inapowezekana, awe na mtu maalumu wa kumshika mkono anapotoka. Mtu, wameandika. Katiba yetu nayo, Kifungu cha 55, inaiamuru serikali ichukue hatua ili vijana wapate elimu, mafunzo na kazi, na inahesabu ujana kuanzia miaka 18 hadi 35. Yaani siku ile ile makao yanapokufuta kwenye daftari lao, Katiba inakuandika kwenye lake. Katikati ya madaftari hayo mawili ndipo watu hupotelea.

Kuna wanaoniambia: lakini watoto wa maskini wote wanateseka, wa makao ana nini cha zaidi? Ni kweli, maskini anateseka. Lakini mtoto wa maskini ana binamu Kayole mwenye sakafu ya kulala. Ana shosho mwenye robo ekari na kuku watatu. Akifiwa, akiugua, akishikwa na polisi, kuna kikundi cha WhatsApp kitakachofunguliwa kwa jina lake usiku huo na mchango utaanza, hata kama ni wa mia mbili mbili. Umaskini wenye watu na umaskini usio na mtu ni vitu viwili, na aliyeonja vyote viwili hahitaji kuelezwa.

Wengine wananiambia tatizo linaisha, maana makao yenyewe yanafungwa. Wana hoja. Tangu Novemba 2017 serikali ilisimamisha usajili wa makao mapya ya hisani, na mwaka 2022 ikazindua mkakati wa miaka kumi, hadi 2032, wa kuwarudisha watoto kwenye familia na jamii. Mimi ninauunga mkono. Mtoto ni wa nyumbani, si wa bweni. Lakini serikali yenyewe imekadiria kwamba watoto zaidi ya 40,000 wako kwenye makao hayo. Wengine wao wana miaka 16 na 17 sasa hivi. Ni wakubwa mno kwa wanaotafuta mtoto wa kuasili, na mkakati ukifika mwisho wao watakuwa wameshatoka zamani.

Na kurudishwa kwenye familia nako kunahitaji maandalizi, tena mazito. Nimeona kijana akipelekwa kijijini Disemba, kwa jamaa ambao hakuwaona kwa miaka kumi. Haongei lugha yao vizuri. Hajui kaburi la baba yake liko wapi. Baba wadogo wanamwangalia kwa jicho la kando, kwa sababu mvulana wa miaka 17 anayetokea ghafla ni mrithi, na mrithi anataka shamba. Gari la makao linageuza, dereva anapiga honi, fomu imetiwa sahihi: ameunganishwa na familia. Februari jamaa yuko Nairobi analala kwenye kibanda cha rafiki. Kwenye daftari bado yuko nyumbani.

Unataka kujua mimi nilisaidiwa na nini? Na chumba cha Githurai cha jamaa aliyetoka makaoni miaka miwili kabla yangu. Tulikuwa wanne kwenye chumba cha futi kumi kwa kumi. Yeye ndiye aliyenionyesha kiasi cha unga wa mtu mmoja. Ndiye aliyeniambia kwamba foromeni wa mjengo huandika watu saa kumi na mbili asubuhi, si saa mbili, na kwamba usikubali kulipwa "mwisho wa kazi". Nilipoumwa na malaria alinipeleka zahanati akajiandika kwenye fomu kama ndugu yangu. Hakuwa na mradi wala ofisi. Alikuwa na miaka 20, naye alikuwa amepokelewa hivyo hivyo na mwingine. Mfumo mzima wa kuwatunza waliotoka makaoni ulikuwa ni sisi wenyewe, kwenye godoro moja. Kuna chama cha kitaifa pia, KESCA, kilichoanzishwa na waliokulia makaoni, na kinasema haya kwa adabu zaidi yangu. Lakini mzigo huu si wa kubebwa na waliotupwa peke yao.

Kwa hivyo haya ndiyo ninayotaka, na hakuna hata moja linalohitaji kalamu za rangi.

Kila mtoto wa makao akifika miaka 16 awe na cheti cha kuzaliwa mkononi, na siku ya kutimiza 18 mtu mzima wa makao aandamane naye hadi kwa chifu, akae naye kwenye foleni, asiondoke hadi fomu ikubaliwe. Awe na nakala ya faili lake. Faili, ndiyo: nani alinileta, mwaka gani, kwa sababu gani, kuna ndugu? Ni maisha yangu, yamefungiwaje kwenye kabati la ofisi ambayo mimi siruhusiwi kuingia?

Jiko kubwa livunjwe. Namaanisha hivyo hasa. Watoto wanane wapike chakula chao, kwa pesa waliyohesabu wenyewe, waliyoenda nayo sokoni wenyewe. Wapewe pesa kidogo wakiwa na miaka kumi, waipoteze, walie, wajifunze kungali mapema na hasara ni shilingi hamsini. Wapewe funguo.

Kila mmoja awe na watu wazima watatu nje ya makao wanaomjua kwa jina na ambao yeye amewachagua: mwalimu wa zamani, shangazi aliyetafutwa na kupatikana, jirani, fundi aliyemfundisha kazi. Watafutwe akiwa na miaka 13, si 17. Uhusiano hauandaliwi kwa wikendi tatu. Fomu ya HELB inataka wadhamini, landlodi anataka mtu wa kumpigia, hospitali inataka jina la ndugu wa karibu. Maisha ya Kenya yote ni fomu inayouliza una nani. Mwandae mtoto kujibu hilo swali.

Na mlango ubaki wazi. Kijana akipoteza kazi, akiugua, ikifika Krismasi, awe na mahali pa kurudi bila kuandika barua ya maombi. Sheria iseme hivyo waziwazi, hadi angalau miaka 23, na bajeti ifuate sheria, kwa sababu sheria bila pesa ni lile bango la langoni tu.

Nimebakiza wewe, msomaji wangu wa mjini, mwenye moyo mzuri. Najua mwaka huu wewe na chama chako, au marafiki zako wa chuo, au watu wa ofisi, mtaenda kwenye makao fulani siku ya kuzaliwa ya mtu. Mtabeba unga, mchele, mafuta na pedi. Mtapiga picha na wadogo, kwa sababu wadogo wanapendeza. Wale wakubwa watakuwa nyuma wakibeba magunia, na picha zikiwekwa mtandaoni hawatakuwemo.

Mwaka huu nenda nyuma kwenye magunia. Muulize aliye na miaka 17 anamaliza lini. Ameshapata cheti cha kuzaliwa? Akitoka atalala wapi usiku wa kwanza, na wa kumi? Ana namba ya nani kichwani? Kama hana, mpe yako, na ushike simu akipiga Jumanne saa nne usiku, maana hatapiga Jumamosi mkiwa mmevaa tisheti zinazofanana. Halafu ingia ofisini umuulize meneja maswali hayo hayo. Akikujibu kwamba watoto wao hufunzwa kujitegemea, unga uache, ni wa watoto. Lakini usiondoke. Vuta kiti, umuulize tena.